Maswali ya Wasomaji: Ya Kumuuliza Daktari na ya Kumuuliza Mgonjwa Mwenzako

Barua za toleo hili zinahusu saratani ya tezi dume, na karibu kila moja inamtaja mgonjwa mwingine: aliyesema hivi, aliyetumia hiki, aliyeonyesha majibu yake. Ni jambo jema, ila lina mipaka. Mgonjwa mwenzako ndiye atakayekuambia pedi ipi haivuji na namna ya kulala ukiwa na mpira wa mkojo. Dozi, maana ya vipimo na maumivu mapya ni vya daktari. Barua tumezifupisha, majina tumeyaacha.

Mwenzangu "kapona", mimi nina 0.03

*Nilifanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi dume miezi mitatu iliyopita. PSA yangu (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) ya juzi ni 0.03. Kwenye kikundi chetu kuna mzee aliyepasuliwa kama mimi, majibu yake yameandikwa "chini ya 0.1", na wenzetu wanasema yeye kapona, mimi bado. Usingizi umeniruka.*

JIBU: Ndugu, zisome tena hizo namba mbili. "Chini ya 0.1" maana yake ni kwamba maabara yake haitoi namba iliyo chini ya hapo. Mzee huyo anaweza kuwa na 0.02, anaweza kuwa na 0.09. Damu yako imepimwa kwa mashine inayosoma viwango vidogo zaidi, na huenda wewe ndiye mwenye kidogo kuliko yeye.

Tezi ikishatolewa, PSA iliyobaki kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya siku mbili au tatu hivi. Ndiyo maana kipimo cha kwanza husubiriwa hadi wiki ya 6 au ya 8. Ukipima wiki ya pili utajitisha bure. Baada ya upasuaji, daktari hushtuka akiona 0.2 au zaidi, ikarudiwa na kuthibitishwa, au akiona namba inapanda kila kipimo hata kama bado ni ndogo. 0.03 leo na 0.03 baada ya miezi mitatu haina neno. 0.03, kisha 0.06, kisha 0.11: hiyo ina neno, ipelekwe kwa daktari mapema.

Waliotibiwa kwa mionzi wasijipime kwa kanuni hii. Tezi yao bado ipo, hivyo PSA hushuka taratibu, pengine kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na si lazima ifike sifuri. Kwao huangaliwa kiwango cha chini kabisa walichowahi kufikia. Ikipanda kwa 2 juu ya hapo ndipo ugonjwa huhesabiwa kuwa umerudi. Katikati inaweza kupanda kidogo na kushuka yenyewe, hasa kwa waliowekewa mbegu za mionzi ndani ya tezi. Anayechomwa sindano za homoni naye, PSA yake ikianza kupanda, aombe testosterone, homoni ya kiume, ipimwe pia. Inatakiwa iwe chini ya 50 ng/dl. Ikiwa juu, huenda sindano ilichelewa au haikuingia sawasawa, na tatizo hilo ni tofauti kabisa na dawa kushindwa kazi.

Pima maabara ileile kila mara. Kwenye daftari andika tarehe, namba, na maneno "chini ya" kama yapo. Kikundini, mtu asitaje PSA yake bila kutaja tiba aliyopata.

Mkojo unanivuja nikiinuka kwenye kiti

*Mpira wa mkojo niliowekewa kwenye upasuaji ulitolewa wiki tano zilizopita. Usiku niko mkavu, lakini mchana nikikohoa au kuinuka, nimelowa. Mwenzangu kaniambia nipunguze maji na nizoee kukata mkojo katikati. Nafanya yote mawili, hakuna nafuu.*

JIBU: Acha yote mawili. Maji yakipungua, mkojo unakuwa mkali, unachokoza kibofu, na haja inakubana mara nyingi zaidi. Kunywa lita 1.5 hadi 2 kwa siku, isipokuwa kama daktari amekukataza kwa sababu ya moyo au figo. Punguza kahawa, chai ya majani na pombe, na kaza mkono kwenye vinywaji saa mbili kabla ya kulala. Kukata mkojo katikati kunafaa mara moja tu, ili uujue msuli. Ukikugeuza mazoezi, kibofu hakimalizi kumwaga, na mkojo unaobaki huleta maambukizi.

Kukauka usiku ni dalili nzuri: mlango wa mkojo unafunga ukiwa umelala. Kilichobaki ni kuuzoeza kubeba uzito ukiwa umesimama.

Simama ubavu mbele ya kioo, bila nguo chini. Vuta kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja. Ukipatia, utaona shina la uume linarudi ndani kidogo na korodani zinainuka. Tumbo likifura, matako yakikaza au pumzi ikikatika, umekosea msuli. Legeza, anza upya. Shikilia sekunde 3 hadi 5, legeza kwa muda uleule, rudia mara 10. Wiki hadi wiki panda mpaka sekunde 10. Kisha bana na kuachia haraka mara 10, kwani kikohozi hakisubiri mtu ajipange. Fanya hivyo mara tatu kwa siku: ukiwa umelala, umekaa, umesimama. Wengi huishia kufanya kitandani tu, halafu wanashangaa mbona wanavuja wakiwa wima.

Sehemu ambayo watu huiruka ni hii: bana *kabla* ya kuinuka. Miguu sakafuni, bana, inuka, simama, ndipo uachie. Vivyo hivyo kabla ya kupiga chafya au kunyanyua ndoo. Jioni utavuja zaidi kuliko asubuhi. Msuli umechoka, si kwamba unarudi nyuma. Usiende msalani kila nusu saa "kwa tahadhari", maana kibofu kitazoea kushika kidogo. Choo kigumu nacho kinasukuma kibofu, kwa hiyo kisiachwe.

Ukitaka kujua kama kuna nafuu, pima badala ya kukisia. Weka pedi kavu kwenye mizani ya jikoni, kisha pima pedi zote za saa 24 zikiwa zimelowa, utoe uzito wa kavu. Gramu moja ni kama mililita moja ya mkojo. Fanya siku moja kila wiki. Kuhusu pedi, tafuta za kiume zilizo nene mbele; za hedhi zimetengenezwa kwa damu, mkojo unaotoka kwa kasi huzishinda.

Wengi hukauka kati ya miezi 3 na 6, wengine huchukua mwaka. Kama mkojo unazidi kuwa mwembamba na unatoka kwa kujikamua, usisubiri: kovu huenda linaziba njia. Mwaka ukipita bado unalowa, muulize daktari wa mfumo wa mkojo kuhusu upasuaji wa kuweka mkanda wa kuinua njia ya mkojo, au kifungio bandia kinachoendeshwa kwa kitufe kilichofichwa ndani ya mfuko wa korodani.

Mume wangu hataki kukaa na "walialiaji"

*Ana miaka 68, saratani imefika kwenye mifupa, anachomwa sindano kila baada ya miezi mitatu. Usiku anatokwa jasho shuka zinalowa. Tumbo limeongezeka, hasira ziko karibu, siku nyingine analia kisha anakana. Nikimtajia kikundi anasema hawezi kukaa na watu kulialia.*

JIBU: Pole, mama. Mengi uliyoyataja yanatoka kwenye sindano. Kazi yake ni kuizima testosterone, na ikizimika mwanamume hupata joto la ghafla kama mwanamke aliyekoma hedhi, misuli inapungua, mafuta yanaongezeka, hamu ya tendo inaondoka na machozi yanakuwa karibu. Mweleze hivyo waziwazi. Wapo wanaodhani wanarukwa na akili kwa sababu tu hakuna aliyewatajia hayo siku ya sindano ya kwanza.

Kwa joto la usiku, shuka na nguo za pamba, taulo juu ya godoro, na daftari la kuandika joto linakuja saa ngapi na baada ya nini. Pombe, kahawa na pilipili huwachokoza baadhi. Likimnyima usingizi, daktari ana dawa za kulipunguza. Mazoezi ndiyo yenye faida nyingi kwa pamoja, kwa uchovu, misuli na hata moyo: kutembea kwa kasi jumla ya dakika 150 kwa wiki akiweza, na mazoezi ya nguvu siku mbili au tatu. Kwa kuwa mifupa yake imeguswa, asinyanyue kitu kizito wala kujipinda kwa nguvu kabla mtaalamu wa viungo hajaona picha zake. Muulizeni daktari kuhusu kipimo cha uimara wa mifupa, kalisi na vitamini D. Akitajiwa sindano ya kulinda mifupa, aende kwanza kwa daktari wa meno. Jino likija kung'olewa akiwa ameshaanza, taya linaweza kugoma kupona.

Kikundi kisiwe cha kwanza kutajwa. Anza na mtu mmoja. Iombe kliniki impatie mwanamume anayetumia sindano hizohizo na ambaye ameshapita mwaka wa kwanza; aliyepasuliwa akapona hatakuwa na la kumfaa. Wakutane wakitembea au wakitengeneza kitu, maana wanaume wengi huongea vizuri mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama mbele. Mpe mumeo kazi: "Nenda ukamuulize yeye hilo joto analimudu vipi." Kuuliza swali si kulialia. Na siku akikubali kwenda kikundini, ajue hana lazima ya kusema lolote mkutano wa kwanza.

Wewe nawe tafuta wenzako. Wake wanahitaji mahali pa kusema kuhusu kitanda, uchovu na hofu bila waume kusikia. Huzuni yake ikizidi wiki mbili mfululizo, au akianza kusema heri afe, hilo lifike kwa daktari siku hiyohiyo.

Tunataka kuanzisha kikundi

*Tuko watano, tunakutana kila mara kwenye foleni ya kliniki na tumeona tunasaidiana. Tuanzeje, na tujihadhari na nini?*

JIBU: Mmeshaanza, kilichobaki ni kupanga. Watu 6 hadi 12 ndio wanaotosha kila mmoja kupata zamu. Mara moja kwa mwezi, siku ileile, dakika 90. Chumba kiwe karibu na choo, na hili tunalisisitiza: mwanamume anayevuja hatarudi mahali ambapo ni lazima avuke ukumbi mzima kwenda msalani. Viti visiwe vya kitambaa. Katikati ya mkutano pawe na mapumziko hata kama hakuna aliyeyaomba.

Waongozaji wawe wawili, ili mmoja akiugua mkutano usife. Mgeni aanze kusikilizwa, maana ndiye amebeba maswali yanayomkosesha usingizi, wakati wakongwe wanaweza kungoja. Kila mtu aseme yake: "mimi nilipewa hiki, nikapata hiki", si "wewe acha dawa hiyo". Dakika tatu kila mmoja kwa mzunguko wa kwanza, kwa saa. Bila saa, atatokea mzee mmoja mwenye historia ndefu na mkutano utakuwa wake mpaka mwisho wa mwaka.

Mtego mkubwa zaidi ni kuchanganya hatua za ugonjwa. Aliyepewa Gleason 6 jana (Gleason ni alama ya ukali wa saratani, na 6 ni ya chini), ambaye huenda atafuatiliwa tu bila tiba, akikaa saa nzima akisikiliza habari za saratani iliyoingia kwenye mifupa, anaondoka ameamua kupasuliwa kesho. Na yule wa mifupa akisikiliza saa nzima habari za pedi anajiona hana mwenzake. Kaeni pamoja nusu ya kwanza, kisha gawanyikeni kwa aina ya tiba. Kwa huyo wa Gleason 6, mwongozaji awe na la kumtuliza lenye ushahidi: utafiti wa ProtecT wa Uingereza, uliochapisha matokeo ya miaka 15 mwaka 2023, ulifuatilia wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa haijatoka nje ya eneo la tezi. Wapo waliofuatiliwa, waliopasuliwa na waliopigwa mionzi, na katika makundi yote matatu waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa kama 2 au 3 katika kila 100. Ana muda wa kufikiri.

Kundi la simu lisimamiwe zaidi kuliko mkutano wenyewe. Picha za majibu zikatwe jina na namba ya faili. Ujumbe ukome saa fulani ya usiku, kwa sababu swali la saa nane usiku hujibiwa na mwenye hofu mwenzake. Hakuna kuuza chochote, hata kama muuzaji ni mwenyekiti. Kila miezi michache alikeni muuguzi wa mkojo au mtaalamu wa viungo, na maswali akusanyiwe mapema kwenye vikaratasi visivyo na majina. Hapo ndipo maswali ya kitandani hujitokeza.

Atakufa mtu. Amueni mapema nani atawapigia wanachama simu mmoja mmoja, ili mtu asikute habari kwenye kundi akiwa peke yake. Msiitoe namba ya marehemu siku hiyohiyo, na mjane aulizwe kama anapenda kubaki.

Mwenzangu kanipa vidonge vyake vya nguvu

*Tangu upasuaji, mwezi wa nane sasa, hakuna kitu kinachosimama. Mwenzangu kanigawia sildenafil zake. Nimemeza mara mbili, hazikufanya kazi.*

JIBU: Kwanza jibu hili: unatumia dawa yoyote ya moyo ya jamii ya naitreti, kidonge cha kuweka chini ya ulimi au ya kupuliza kwa maumivu ya kifua? Kama ndiyo, usimeze tena hata kimoja. Zikikutana, shinikizo la damu linaweza kuporomoka mpaka mtu akafa. Ndiyo sababu vidonge hivi havigawiwi, hata kwa mtu unayempenda.

Kama moyo hauna shida na daktari ameridhia, jua kwamba mara mbili ni chache. Kwa kawaida hujaribiwa mara sita hadi nane kabla ya kusema imeshindwa. Humezwa saa moja kabla, tumbo likiwa halina mlo wa mafuta, na kidonge hakisimamishi chochote bila kushikana na kutamaniana. Mishipa ya fahamu iliyoguswa kwenye upasuaji huchukua hata miaka miwili kuamka, na kama ilikatwa pande zote mbili, vidonge havitafua dafu. Hapo kuna pampu ya kuvuta hewa, ambayo mpira wake wa kubana usizidi dakika 30, na kuna sindano ya kuchoma uumeni unayofundishwa kliniki. Uume ukisimama kwa saa nne bila kulegea, nenda hospitali bila kuona haya. Kilele bado utakifikia, ila kikavu, kwa kuwa viungo vilivyokuwa vikitengeneza majimaji ya shahawa vimetolewa.

Dawa ya mitishamba imeshusha PSA ya mwenzetu

*Imeshuka kweli, tumeona karatasi. Kwa nini tusitumie sote?*

JIBU: Kwa sababu PSA inaweza kushuka kwa njia nyingi, nyingine za hatari. PC-SPES, mchanganyiko wa mimea uliopendwa sana na wagonjwa wa Marekani, ulishusha PSA kweli. Mwaka 2002 uliondolewa sokoni baada ya kukutwa na dawa za viwandani, ikiwemo warfarin ya kuzuia damu kuganda na homoni ya kike ya kutengenezwa. Hata vitamini si salama kwa jina tu: utafiti wa SELECT, uliotoa matokeo mwaka 2011, uliona vitamini E ya yuniti 400 kwa siku iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 kwa wanaume waliokuwa wazima. Mwenzenu aipeleke chupa kwa daktari wake, na amtajie lini alianza.

Mgongo unauma, nasubiri mkutano wa Jumamosi niwaulize wenzangu

JIBU: Usisubiri. Kwa mtu ambaye saratani imefika kwenye mifupa, maumivu mapya ya mgongo, hasa yanayozidi ukilala au ukikohoa au yanayokuzunguka kifuani kama mkanda, yanaweza kuwa uti wa mgongo unabanwa. Miguu ikilegea, ukafa ganzi kati ya mapaja, au mkojo na choo vikakushinda, ni dharura ya leo, si ya kesho. Anayeingia hospitali akitembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Miguu ikishakufa, mara nyingi hairudi.

Baba anaumwa, mimi nina miaka 42

JIBU: Mwanamume ambaye baba au kaka yake amepata saratani hii ana hatari kama mara mbili ya mwingine, na kwa wanaume weusi huja mapema zaidi. Zungumza na daktari kuhusu kupima PSA kuanzia sasa, usingoje 50. Mtajie pia saratani za matiti na ovari upande wa mama, shangazi na dada, kwa sababu hitilafu ya jeni ya BRCA2 hupita humohumo. Kipimo cha PSA ni cha damu tu. Siku mbili kabla, usimwage shahawa wala kuendesha baiskeli safari ndefu, na kama umekuwa na maambukizi ya mkojo, ngoja wiki 6 baada ya kupona. Kama unatumia finasteride kwa ajili ya nywele, sema: hushusha PSA karibu kwa nusu, na namba nzuri inaweza kuwa si nzuri. Mwombe baba nakala ya majibu ya kinyama kilichotolewa kwenye tezi yake kupimwa, uende nayo. Daktari atataka kujua alikuwa na umri gani alipogundulika na Gleason yake ilikuwa ngapi.